Wasifu wa baba umenishinda kuuandika

Mpendwa Mshauri,

Baba yetu alifariki miezi miwili iliyopita akiwa na umri wa miaka 79. Maisha yake yote alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa nyama. Ranchi aliyotuachia aliianza na mitamba sita na fahali wa kuazima, na asubuhi ya msiba mdogo wangu alihesabu vichwa 340 kabla ya kuja kuketi na waombolezaji, kwa kuwa baba mwenyewe asingekubali siku ianze bila kuhesabu. Mazishi yalipita haraka mno na hatukupata nafasi ya kumzungumzia inavyomstahili. Kwa hiyo jamaa wote wamekubaliana tukutane baada ya wiki tatu kwa ajili ya kumkumbuka tu, na mimi, kwa kuwa ndimi kifungua mimba, nimepewa jukumu la kuandaa wasifu wake na kuusoma mbele ya watu. Nimeuandika mara kumi na moja na mara zote nimeuchana.

Kila aliyekuja kutupa pole alisema baba alikuwa mtu wa familia. Wapo waliosema hivyo machozi yakiwatoka, na nilijua hawatii chumvi. Hata hivyo, kumbukumbu yangu ya kwanza juu ya baba ni mgongo wake, akitoka na kurunzi kabla hakujapambazuka, na ya pili ni viatu vyake vyenye tope mlangoni usiku, ambavyo ndivyo vilivyonijulisha kwamba amerudi. Nilipohitimu chuo, mama na mdogo wangu wa kiume walikuja kwenye mahafali. Baba alibaki kwa sababu kulikuwa na mtamba aliyekaribia kuzaa. Hakuwahi kuniomba radhi, nami sikuwahi kumuuliza. Nina miaka 50 sasa, na bado nikiitazama picha ya siku ile macho yangu huenda kwanza pale ambapo angesimama.

Wadogo zangu wana baba wengine kabisa. Dada yetu, kitinda mimba, alizaliwa baba akiwa na miaka 43, ranchi ikiwa imeshapata wafanyakazi na visima viwili. Yeye alisomewa hadithi kila usiku, na alipakiwa mbele juu ya farasi wakati baba akikagua uzio. Akimsimulia baba huyo, mimi humsikiliza kama mgeni. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuondoka nyumbani na amefanya kazi na baba kwa miaka 28, ameniambia maneno machache tu: "Andika ukweli. Alipenda ng'ombe, na sisi tulikuwa wachungaji wake." Huyo huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha baba kwa miaka miwili ya mwisho, bila kumwachia mtu mwingine hata zamu moja. Mama naye anataka niandike kwamba baba hakulala usiku hata mmoja bila kujua kila mtoto wake yuko wapi. Hilo pia ni kweli, maana nilizoea kuzisikia hatua zake zikisimama kidogo kwenye kila mlango kabla ya kwenda chumbani kwake.

Wiki iliyopita, nikitafuta tarehe za kuweka kwenye wasifu, nilifungua kabati la dawa za mifugo nikakuta madaftari 31. Kila ukurasa una namba za hereni za ng'ombe, siku waliyopandishwa, siku wanayotarajiwa kuzaa, chanjo, dawa ya kupe na uzito. Karibu wote ni namba tupu. Wachache mno wamepewa majina, na sababu za kuwapa majina alizijua mwenyewe. Pembezoni mwa kurasa hizo, kwa kalamu ileile, ametuandika sisi: jino la kwanza la mdogo wangu, homa yangu ya siku tatu, siku dada yetu aliposimama dede. Siku ya mahafali yangu ameandika: "214. Ndama amekaa vibaya. Katoka hai saa nane mchana. Sikwenda."

Kama ningeishia hapo, nadhani wasifu ungeandikika. Lakini katika daftari la mwaka wa ukame, mwaka mmoja kabla ya mimi kuhitimu, nilikuta hili: "Mwalimu amekuja. Anasema kijana ana akili kuliko dada yake, apelekwe chuo. Nimekataa. Mikono haitoshi. Nimemwambia masomo hayamfai." Mwaka huo wafanyakazi wote wawili walikuwa wameondoka kwa kukosa mshahara. Mdogo wangu ameishi miaka yote hii akiamini kwamba hana kichwa cha masomo, na husema hivyo yeye mwenyewe, akicheka, kila anapokaa na wanangu wakimweleza wanayojifunza.

Sijamwonyesha mtu yeyote ukurasa huo. Mama sijui kama alijua. Nikisimama mbele ya watu nikasema baba alikuwa mtu wa familia huku najua alivyomdanganya mwanawe, nitakuwa mnafiki. Nikisema ukweli, nitamvunja mama na kumdhalilisha marehemu asiyeweza kujitetea. Nikimpa mdogo wangu daftari, naogopa hatanisamehe mimi wala baba. Nifanye nini?

Kifungua Mimba

*

Mpendwa Kifungua Mimba,

Pole sana kwa kufiwa, na poleni nyote. Nimeisoma barua yako mara tatu, na katika kila mara nimemwona mzee wenu waziwazi zaidi kuliko katika wasifu mwingi niliowahi kuusikia ukisomwa. Nakuambia hili mapema kwa sababu unasema kalamu imekushinda, ilhali katika kurasa hizi chache umeshamwandika.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba mambo mawili ambayo yamefungwa kwa kamba moja. La kwanza ni wasifu: namna ya kumkumbuka mbele ya watu mtu ambaye kila mtoto wake alimpata kwa sura tofauti. La pili ni ukurasa wa mwaka wa ukame, ambao kwa sasa ni wewe peke yako unayeujua, nao unamhusu mtu mmoja aliye hai. Yamekujia wiki moja, kutoka kabati moja, na huenda ndiyo maana yanaonekana kuwa jambo moja linalopaswa kumalizwa siku moja. Naomba tuyatenge kidogo.

Tuanze na neno "mtu wa familia", ambalo limekusumbua. Ninahisi unalichukua kama hukumu: ama baba alikuwa hivyo, ama hakuwa. Lakini mdogo wako amekupa sentensi inayoonekana kulikanusha neno hilo, wakati mikono yake ikilithibitisha kwa miaka miwili ya kumwogesha. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha kwamba mtu anapokumbuka jambo, halitoi kichwani kama atoavyo kitu kilichohifadhiwa sandukuni, bali hulijenga upya kila mara, kwa vifaa alivyo navyo wakati huo. Ninyi watatu mnajenga kutokana na vifaa tofauti. Wewe ulimpata baba wa mitamba sita, ambaye ndama mmoja akifa ni pigo kwa nyumba nzima. Dada yenu alimpata baba mwenye visima na wafanyakazi. Hakuna anayesema uongo kati yenu. Hata ule wivu wako wa kumsikiliza dada yenu kama mgeni, ambao umeutaja kwa haraka na kuupita, nadhani unastahili kuheshimiwa. Unaweza kumlilia baba aliyefariki na pia kumlilia yule ambaye hukupata muda naye, na kumlilia huyo wa pili si kumkosea adabu wa kwanza.

Niruhusu nikae kidogo kwenye siku ya mahafali. Mimi mwenyewe nimekulia kando ya zizi, na niliposoma maneno "ndama amekaa vibaya" nilijua ilikuwa siku ya namna gani. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 283, lakini mfugaji hujua wiki tu, hajui saa. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Ndama hutakiwa atangulize miguu miwili ya mbele na pua ikiwa imelala juu yake. Mguu mmoja ukikunjika nyuma, au kichwa kikigeuka pembeni, hapana budi mtu aingize mkono, amrudishe ndama ndani taratibu uchungu unapotulia, na kuunyoosha mguu kabla uchungu haujarudi. Akichelewa, atapoteza ndama, na pengine mama naye. Akishazaliwa, ni lazima anyonye dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, kwa sababu huja duniani karibu bila kinga yoyote ya mwili, na baada ya siku moja tu utumbo wake huwa hauwezi tena kuipokea kinga iliyomo kwenye dang'a.

Sikuelezi haya ili nimtetee. Ulimngoja, hakuja, na hakuna maelezo ya zizini yatakayoijaza nafasi iliyo wazi kwenye picha yako. Nayaeleza kwa sababu ya jambo ambalo huenda hukulitazama. Unaniambia kwamba mdogo wako alikuwepo kwenye mahafali. Mwaka mmoja tu kabla, baba alikuwa ameandika kwamba mikono haitoshi. Siku hiyo, ikiwa na mtamba aliyekaribia kuzaa, aliachilia mikono pekee iliyokuwa ikimsaidia iende kukushangilia, akabaki peke yake. Sijui aliwaza nini, wala sitamsemea. Kisha akaandika neno "Sikwenda". Katika daftari la dawa na uzito, neno hilo halina kazi ya ufugaji hata kidogo. Hakuna ng'ombe anayehitaji lijulikane. Wewe ndiwe wa kuamua kama ni majuto, au ni kumbukumbu tu ya mtu aliyezoea kuandika kila kitu. Una haki ya kubadili mawazo kulihusu mara nyingi utakavyo.

Sasa nije kwenye ukurasa mgumu. Naomba univumilie nikuulize jambo kwa upole. Mwaka ule wa ukame, wafanyakazi walipokosa mshahara na mdogo wako akaambiwa masomo hayamfai, wewe ulikuwa chuoni. Umeiandika tarehe hiyo kwa uangalifu, lakini hukuandika ulivyojisikia ulipoitambua. Tena umenukuu maneno "kuliko dada yake" bila kusema neno lolote juu yake. Ninajiuliza kama kalamu inakataa kwa sababu ya unafiki unaouogopa, au kwa sababu katika ukurasa ule umejiona ukiwa mtu aliyepokea kilichokatwa kutoka kwa mwingine. Kama ni hivyo, kumbuka kwamba hukuulizwa. Ulikuwa kijana uliyelipiwa ada, na uamuzi ulifanywa na mtu mzima aliyekuwa akitazama malisho yakikauka. Deni unaloweza kulihisi ni la kweli moyoni, lakini si kosa ulilolitenda. Wala wasifu wa baba hauwezi kulilipa, hata ungeuandika kwa ustadi wa namna gani.

Nawe umesema kwamba alimdanganya mwanawe. Kwa maneno yake mwenyewe, ndivyo. Hata hivyo, daftari ni ushahidi wa mistari minne iliyoandikwa na mtu aliyechoka, haijulikani saa ngapi ya usiku. Halituambii kama baadaye alijaribu kurekebisha, kama walizungumza wakiwa wawili katika miaka 28 ya kukarabati uzio pamoja, au kama mdogo wako aliwahi kuambiwa na mwalimu yuleyule. Unachukulia kwamba hajui. Pengine hajui kabisa. Lakini mtu anayecheka kila mara kwa jambo lilelile mara nyingine huwa anaficha swali, na maneno yake kwamba "sisi tulikuwa wachungaji wake" si maneno ya mtu asiyeshuku chochote.

Hebu tuzitazame njia zilizo mbele yako, bila kukimbilia yoyote.

Unaweza kulinyamazia. Wapo watakaokuambia kwamba marehemu hasemwi vibaya, nao wana hekima yao, kwani mzee hayupo kujibu na mama yenu bado yuko kwenye kidonda kibichi. Hatari yake ni kwamba siri hii haitabaki kabatini, itahamia kwako. Kila mdogo wako atakapocheka mbele ya wanao, wewe utakuwa unaujua ukweli na kutabasamu, na ukimya ulioanza kuwa wa baba utakuwa wako. Tena madaftari yapo 31, na yeye ndiye anayefungua kabati hilo la dawa. Akilikuta mwenyewe baada ya miaka mitano, kisha akajua ulishalisoma, hilo litakuwa jeraha jingine.

Unaweza kulisema mbele ya watu. Sioni ukipendelea njia hii, nami nina wasiwasi nayo, si kwa ajili ya heshima ya marehemu tu. Maneno ya mwalimu yalikuwa juu ya mdogo wako. Ni mali yake kabla ya kuwa mali ya ukoo. Kuyasikia kwa mara ya kwanza katikati ya wageni, akitazamwa usoni, kunaweza kumnyang'anya hata nafasi ya kukasirika.

Unaweza kumpa daftari faraghani, kabla ya siku ya kumbukumbu au baada yake. Kabla, kuna hatari kwamba hatataka kuketi kwenye mkusanyiko huo, au atakuja akiwa na moto kifuani. Lakini atakuwa na sauti juu ya namna baba yake atakavyosimuliwa. Baada, kuna utulivu zaidi. Lakini anaweza kukuuliza kwa nini ulimwacha asikilize sifa zile akiwa gizani. Na katika hali zote mbili, fikiria utakachofanya asipokushukuru, asipolia wala kusema neno, akarudi tu zizini. Ungemwacha aende? Ungeweza kungoja mwezi, au mwaka?

Yupo pia mama. Huenda alijua na amenyamaza miaka yote, huenda alipinga akashindwa, huenda hili litamfikia kama msiba wa pili. Kumuuliza kwa upole baba alikuwaje mwaka ule wa ukame, bila kutaja daftari, kunaweza kukuonyesha mlango ulivyo kabla hujausukuma. Lakini akikueleza yote na kukuomba usiseme, utajikuta umefungwa na ahadi. Kwa hiyo jiandae kabla ya kuuliza.

Kuhusu wasifu wenyewe, unadhani una njia mbili tu, unafiki au fedheha. Mimi naona tatizo liko kwenye maneno makubwa. "Mtu wa familia", "mchapakazi", "mwenye upendo" ni maneno yanayomtaka msomaji athibitishe jumla ya maisha. Matendo hayadai hivyo. Unaweza kusema kwamba alisimama kwenye kila mlango usiku, na ni kweli. Unaweza kusema kwamba alitoka kabla ya mapambazuko na kwamba wanawe walimjua kwa mgongo na kwa viatu vyenye tope, na ni kweli. Unaweza kusema kwamba miaka ya ukame ilidai mengi kutoka kwa watoto wake, na kwa mmoja zaidi ya wengine, kama yeye mwenyewe ataridhia sentensi hiyo isomwe. Unaweza hata kuwaomba wadogo zako waandike kila mmoja aya yake na kuisoma kwa sauti yake, ili usilazimike kuwaunganisha baba watatu katika kurasa mbili. Hilo nalo lina hatari: mdogo wako akipewa nafasi ya kusema, anaweza kusema yale yale aliyokuambia. Sina hakika kama hilo lingekuwa baya. Wageni wanaomjua watasikia maneno yake na watakumbuka nani alimlisha mzee.

Kuna fikra moja zaidi ambayo ningependa uwe nayo unapongoja. Kwa muda mrefu wataalamu walifundisha kwamba kazi ya mfiwa ni kumwachia marehemu aende zake. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya tafiti zilizoonyesha kwamba wafiwa wengi hawafanyi hivyo. Uhusiano wao na marehemu huendelea na hubadilika, bila kuwa ugonjwa. Wewe umeshauona ukibadilika mara mbili ndani ya wiki moja, kwa ajili ya kurasa mbili. Baada ya wiki tatu utasoma kile unachoweza kukisema kwa uaminifu siku hiyo, na miaka ijayo unaweza kusema mengine. Mkusanyiko una tarehe. Mazungumzo yako na mdogo wako hayana, isipokuwa ile mtakayoichagua ninyi.

Na kama hujui pa kuanzia naye, naona kuna mlango mdogo ambao hauanzii kwenye ukurasa ule wenye moto. Jioni ya mahafali yako wewe ulibaki mjini au ulikwenda kusherehekea, sijui, lakini mdogo wako bila shaka alirudi kwenye ranchi, na ndama wa 214 alikuwa na umri wa saa chache tu. Umesema wachache mno walipewa majina. Nenda umsaidie kuhesabu asubuhi moja, kabla hakujapambazuka, na mkiwa mnatembea muulize alimkuta baba akifanya nini jioni ile, na yule ndama aliitwa nani.